Usimwache akuite bwana

Hapa Kisumu, swali ninaloulizwa mara nyingi halitoki kwa dada aliyerudi kutoka Ghuba. Linatoka kwa mama mkubwa, kaka au rafiki aliyempokea: "Sasa mimi nifanye nini?" Mimi ni mshauri nasaha, na wengi ninaowahudumia ni wanawake waliofungiwa kwenye nyumba za matajiri wao, wakanyang'anywa pasipoti na mshahara, wengine wakapigwa. Waliowapokea huwa na nia njema. Ila nia njema nayo nimeiona ikimkalia mtu kichwani.

Ndipo huwasimulia habari za Isabella, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1797 hivi, na ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Sojourner Truth, mpigania uhuru wa watumwa na haki za wanawake. Akiwa na miaka tisa hivi aliuzwa pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100. Baadaye sheria ya jimbo ikapanga kuwaachilia watumwa tarehe 4 Julai 1827, na bwana wake, John Dumont, akamwahidi uhuru mwaka mmoja kabla. Siku ilipofika akageuka, eti Isabella aliumia mkono na kazi ikapungua. Isabella akamaliza kusokota sufu ya msimu ule, kisha alfajiri moja ya mwaka 1826 akambeba Sophia, mtoto wake mchanga, akaondoka kwa miguu.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Levi Rowe, mgonjwa hoi kitandani. Hakuwa na la kumpa ila kumwelekeza nyumba ambako angeweza kupokelewa. Huyo naye alimsaidia, ingawa watu wa aina yake huwa hatuwahesabu: mwendesha boda boda aliyekuonyesha ofisi, jirani aliyekupa namba ya simu.

Aliowapata ni Isaac na Maria Van Wagenen. Dumont alipomfuata, Isaac alisema yeye hana desturi ya kununua na kuuza watu, lakini angelipia kazi iliyobaki ya mwaka ule: dola 20 za Isabella na 5 za mtoto. Dumont akapokea, akaenda zake. Isabella akaanza kumwita Isaac bwana, naye akamkataza: amwite kwa jina lake tu.

Hapo ndipo huwa nakaa sana na familia. Mtu aliyetoka utumwani humtafuta bwana mwingine, wala si ujinga. Mwili wake umejifunza kwamba usalama ni kujua nani anaamuru na kumtii kabla hajafoka. Ndiyo maana anaamka saa kumi alfajiri kufagia nyumba isiyo yake, na anaomba ruhusa kabla ya kwenda chooni. Mwenyeji hufurahi, "huyu mtoto ana adabu," na bila kujua anakubali cheo.

Dada mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane) aliletwa na mama yake mkubwa. Nikamuuliza jina, mama mkubwa akajibu. Nikamuuliza kama usingizi unakuja, mama mkubwa akajibu tena. Kitambulisho na laini ya M-Pesa vilikuwa kwenye bahasha ya kaki ndani ya mkoba wa mama, "asije akadanganywa tena." Dada hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akiutazama ule mkoba. Nikasema, "Mama, naomba bahasha aishike mwenyewe tukizungumza." Akampa. Dada akaifungua, akahakikisha, akaifunga, akaikalia. Ndipo akanitajia jina lake.

Vita anavichagua mwenyewe. Mwanawe Isabella, Peter, wa miaka mitano hivi, alikuwa ameuzwa akapelekwa Alabama kinyume cha sheria ya New York. Isabella aliamua kumdai. Waquaker, wa dhehebu lile lile la Kikristo lililofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, walimlaza usiku mmoja na kumpeleka hadi Kingston, wakamwambia aende mahakamani kwa "Grand Jury", jopo la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe; naye akadhani "grand", yaani kubwa, ni mtu mmoja mkubwa. Akaingia, akamkabili mwanamume wa kwanza aliyeonekana mkubwa, akadhani ndiye, akaanza kumweleza shida zake. Mtu yule akamwelekeza ghorofani. Alishinda kesi mwaka 1828, lakini ile safari ya kupotea ndani ya jengo ndiyo inayonifanya nisimwache dada yeyote mlangoni pa kituo cha polisi. Naingia naye hadi dawatini. Wengi huogopa watashtakiwa wao kwa sababu ya karatasi bandia za ajenti, na sheria yetu ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inasema mwathiriwa hatashtakiwa kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa huko. Akisema hataki kesi, anataka tu karo ya watoto, tunaanza na karo.

Peter alirudi na makovu mwili mzima, na mwanzoni alimkana mama yake. Wanaorudi kutoka Ghuba nao hukuta mtoto anajificha nyuma ya nyanya. Msimlazimishe kumkumbatia.

Isabella hakujua kusoma wala kuandika. Alimsimulia Olive Gilbert maisha yake, kitabu kikatoka mwaka 1850, akawa anakiuza mwenyewe. Mwaka ule ule alichukua nyumba kwa mkopo wa dola 300, na kufikia 1854 alikuwa amemaliza deni.

Kwa hiyo familia ikiniuliza atakaa kwao hadi lini, nawaambia wakae naye wapange tarehe. Na kama anawapikia na kuwalelea watoto, wamlipe kile ambacho wangemlipa msichana mwingine wa kazi, kiingie kwenye laini yake mwenyewe. Mama wakubwa wengi hununa hapo. Nawaachia kwanza wanywe chai, kisha tunachukua kalamu na kupiga hesabu.