Thina si dawa ya kila doa

Uliza Mombasa nini kinatoa rangi au gundi, utaambiwa thina, ikikosekana, petroli. Wengi huamini kinachonuka zaidi ndicho kinachong'oa zaidi. Sivyo: kiyeyushi sharti kilingane na kile unachokiyeyusha.

Gundi ya stika, ile inayonata kwenye ndoo au kioo cha tuktuk, hulegea kwa mafuta. Paka mafuta ya kupikia, kijiko kimoja chatosha, acha dakika 15 hadi 20, kwangua kwa kadi ngumu, kisha osha kwa sabuni. Thina huweza kuitia plastiki ukungu au kuilainisha, na alama hiyo haifutiki. Tena kwa joto la Pwani hupaa hewani kabla gundi haijalegea, basi mtu humimina tena na tena.

Rangi ya maji ikiwa mbichi yataka maji na sabuni tu. Ikikauka, jaribu spiriti. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi hutoka kwa tapentaini au mafuta ya taa. Ikishakauka imeungana na oksijeni na kugeuka kitu kingine: thina huivimbisha tu, kukwangua ni juu yako. Supaglu kwenye kioo hutoka kwa asetoni, ile iliyomo katika dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha. Kwenye plastiki, usithubutu.

Na petroli iache kwenye tangi. Mvuke wake hushika moto hata chini ya nyuzi 0, nao ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili.