Programu-jalizi za kivinjari: yanayosemwa na yalivyo

Ukurasa unafunguka, lakini katikati kuna kisanduku cha kijivu na ujumbe unaokutaka uweke programu-jalizi, yaani programu ya nje inayoendeshwa ndani ya ukurasa. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu hali hii ni wa zamani mno, na mwingine ni wa hatari.

Dhana: Tovuti ikidai Flash Player, itafute uipakue.

Usiipakue. Flash ilikuwa programu-jalizi ya kuonyesha video na michezo, na Adobe, kampuni yake, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash yenyewe ikawa inakataa kuonyesha kitu. Mwezi huohuo Chrome 88 na Firefox 85 zikaiondoa moja kwa moja. Faili linalojiita "Flash mpya" leo halina pa kufanyia kazi ndani ya kivinjari chako, na mara nyingi limebeba virusi. Kama shida ni mchezo wa zamani au somo la watoto, weka Ruffle, kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza ya kivinjari) kinachoiga Flash bila kuihitaji. Kazi zilizoandikwa kwa ActionScript 1 na 2, matoleo ya awali ya lugha ya Flash, hucheza vizuri; za ActionScript 3, baadhi hukwama.

Dhana: Java ikiwepo kwenye kompyuta, ukurasa wake utafunguka.

Java inaweza kuwa nzima kabisa, ila mlango wa kuingilia kwenye kivinjari umezibwa. Mlango huo, NPAPI, ulitoka enzi za kivinjari cha Netscape, na uliiruhusu programu ya nje kuendeshwa ndani ya ukurasa ikiwa na uwezo mkubwa juu ya kompyuta nzima. Chrome iliufunga katika toleo la 45, Septemba 2015. Firefox ikafuata na toleo la 52, Machi 2017, ikibakiza Flash peke yake kwa muda. Java nayo ikaacha kuja na programu-jalizi hiyo kuanzia toleo la 11, mwaka 2018. Kuisakinisha upya mara kumi hakubadilishi chochote.

Anayekwama hapa nyumbani mara nyingi ni mwenye mashine ya zamani ya kurekodi kamera za ulinzi, ile DVR ambayo ukurasa wake unadai ActiveX, teknolojia ya programu-jalizi ya Internet Explorer. Kwenye Windows 10 au 11 suluhisho ni Edge:

1. Andika edge://settings/defaultBrowser kwenye upau wa anwani.
2. Ruhusu kurasa zipakiwe upya katika hali ya Internet Explorer, kisha washa Edge upya.
3. Rudi kwenye mipangilio hiyo, ongeza anwani ya DVR kwenye orodha ya kurasa za hali ya Internet Explorer, kisha ifungue.
4. DVR ikikupa programu-jalizi yake, ikubali. Hakikisha tu inatoka kwenye mashine hiyo yenyewe.

Ukurasa uliouweka kwenye orodha hudumu siku 30, kisha unauongeza tena. Microsoft imesema itaihudumia hali hii angalau hadi 2029. Usiitumie kwa benki wala barua pepe, maana ni teknolojia kongwe.

Dhana: Kivinjari kikisumbua, kifute ukisakinishe upya.

Hii ndiyo dawa ya mafundi wengi, na mara nyingi haitibu. Unapoondoa Chrome bila kuweka tiki ya kufuta pia data zako, wasifu wako, yaani mipangilio na viendelezi vyako, hubaki kwenye diski. Hata ukiufuta, ukiingia tena kwa akaunti ileile usawazishaji huvirudisha viendelezi vyote, pamoja na kile kilichokuwa kinaleta matatizo.

Anza na jaribio la dakika moja. Kwenye Chrome au Edge bonyeza Ctrl+Shift+N upate dirisha la faragha, na ufungue ukurasa uleule. Viendelezi havifanyi kazi kwenye dirisha hilo isipokuwa umeviruhusu mwenyewe. Ukurasa ukienda sawa, kwanza ondoa shaka ya vidakuzi (data ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari): futa vya tovuti hiyo tu, jaribu dirisha la kawaida. Ukigoma bado, mshukiwa ni kiendelezi. Kwenye Firefox, shikilia Shift unapokifungua upate hali ya utatuzi.

Usivizime kimoja kimoja. Ukiwa na 12, nenda chrome://extensions, zima 6, pakia ukurasa upya. Tatizo likiisha, mkosaji yumo kati ya vile ulivyovizima. Likibaki, yumo kati ya vilivyobaki vimewashwa. Gawa tena nusu kwa nusu, na raundi nne zinatosha. Kila nusu ikiwa peke yake haina shida, basi viendelezi viwili vinagombana, kimoja kila upande. Wagomvi wa kawaida ni vizuia matangazo viwili vilivyowekwa pamoja kwa kudhani vitasaidiana. Chagua kimoja.

Njia ya mkato: bonyeza F12, fungua sehemu ya Console, pakia ukurasa upya. Ukiona net::ERR_BLOCKED_BY_CLIENT, usiilaumu tovuti wala intaneti. Ombi limezuiwa na kitu kilichomo kwenye kivinjari chako mwenyewe.

Dhana: Kiendelezi kilichozimwa chenyewe kimeharibika.

Si lazima. Google imehamia kanuni mpya za viendelezi, Manifest V3, na mwaka 2025 Chrome ikazima vile vya kanuni za awali, Manifest V2, kikiwemo kizuia matangazo cha uBlock Origin. Kukiondoa na kukirudisha hakusaidii. Tumia uBlock Origin Lite, au hamia Firefox, ambako kile cha awali bado kinafanya kazi.

Dhana: Windows 7 haina neno, mradi kivinjari kinafunguka.

Chrome ya mwisho kwenye Windows 7 na 8.1 ni toleo la 109. Viendelezi vingi vipya hudai toleo la juu zaidi, na duka litakataa kukupa. Firefox iliitengea mifumo hiyo tawi la ESR 115 (ESR ni toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu), lakini lisiwe chini ya 115.13: cheti cha kuthibitisha viendelezi kilichokuwa ndani ya matoleo ya nyuma kiliisha muda tarehe 14 Machi 2025, na viendelezi vinaweza kuzimika kwa pamoja. Hapo sasisha Firefox kwanza, kabla ya kuanza kuvichunguza.