Harufu ya Karafuu Katika Bia za Majira ya Baridi
Wanywaji wengi huamini kwamba bia ya majira ya baridi ikinukia karafuu, basi mtengenezaji ametia karafuu. Mara nyingine ni kweli, kwani watengenezaji wa Ubelgiji na Marekani hutumia giligilani, maganda ya machungwa, mdalasini na hata kungumanga. Lakini Weizenbock, bia nzito ya ngano ya Bavaria, jimbo la Ujerumani ambako amri ya mwaka 1516 kuhusu bia ilitaja shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu, kwa desturi haitiwi kiungo chochote. Harufu ile ni kazi ya hamira, ambayo hugeuza asidi ya feruliki iliyomo katika maganda ya nafaka kuwa fenoli, aina ya kemikali yenye harufu, inayofanana sana na eujenoli, yaani kile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Hamira hiyo hiyo huleta pia harufu ya ndizi mbivu, jambo ambalo, ajabu, halijamfanya mtu adhani kuna ndizi ndani ya pipa. Anayetaka kuionja bia hii vizuri asiinywe ikiwa baridi kama barafu, kwa sababu baridi kali huificha harufu. Aiache ifikie takriban nyuzi 10 za Selsiasi.