RAW: faili ambalo bado si picha

Mpiga picha aliyenunua kamera yake ya kwanza ya maana hukutana na jambo hili mapema. Anachomeka memori kadi kwenye laptopu, anafungua Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, na picha inatokea na rangi zilezile alizoziona nyuma ya kamera. Sekunde moja au mbili baadaye inabadilika mbele ya macho yake: rangi zinapoa, sura za watu zinafifia, anga linapoteza ubluu. Wengi hudhani programu imeharibu picha. Wengine huanza kuishuku kamera.

Hakuna kilichoharibika. Alichokiona mwanzo ni JPEG ndogo ambayo kamera huiweka ndani ya kila faili la RAW ili picha iweze kuonyeshwa haraka. Alichokiona baadaye ni kazi ya programu yenyewe, iliyosoma data ya kamera na kuamua kwa vigezo vyake rangi ziweje. Picha ya kwanza ni maamuzi ya kamera, ya pili ni maamuzi ya programu, na RAW ni ile data iliyo chini ya zote mbili.

Tuanzie kwenye kihisi, ile sehemu iliyo nyuma ya lenzi inayopokea mwanga. Kila pikseli ya kihisi hupima jambo moja tu: ni mwanga kiasi gani umeifikia. Rangi haiijui. Ili rangi ipatikane, juu ya kila pikseli huwekwa kichujio kidogo cha nyekundu, kijani au buluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi hadi leo ulibuniwa na Bryce Bayer, mwanasayansi wa Kodak, na hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja ya nyekundu na moja ya buluu. Kijani kimependelewa kwa sababu macho yetu hutambua undani wa mwanga zaidi kupitia rangi hiyo. Fujifilm wana mpangilio wao unaoitwa X-Trans, ulioingia sokoni na kamera ya X-Pro1 mwaka 2012, na ndiyo maana mafaili yao husumbua baadhi ya programu kuliko mafaili ya wengine.

Kwa hiyo kamera ya megapikseli 24 hairekodi rangi kamili milioni 24. Inarekodi namba milioni 24, na kila namba inaeleza rangi moja tu kati ya tatu. Theluthi mbili ya rangi unayoiona kwenye skrini imekadiriwa na programu kwa kuangalia pikseli za jirani. Faili la RAW ni hizo namba pamoja na maelezo yake: aina ya kamera, lenzi, ISO (kiwango cha kukuza mwanga uliopokelewa), kasi ya shata, na WB uliyokuwa umeiweka, yaani mizani ya weupe inayorekebisha rangi kulingana na aina ya taa. Bado si picha. Lazima pawe na programu ya kuzisoma na kuzigeuza picha, na programu mbili tofauti zitakupa picha mbili tofauti kutoka kwenye faili lile lile. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema programu ni kitu cha baadaye, cha kurembesha. Kwa anayepiga RAW, programu ni nusu ya kamera.

Anayepiga JPEG naye hakwepi kazi hiyo, ila ameikabidhi kwa kamera. Ndani ya muda mfupi mno kamera hukadiria rangi, huweka WB, huongeza ukolezi, hunoa kingo, hupunguza chenga (vile vidoadoa vya picha za gizani), kisha hubana faili na kutupa kile inachoona hakihitajiki. JPEG ni kiwango cha mwaka 1992, na hutumia biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 kutoka giza hadi weupe. RAW nyingi ni za biti 12 au 14: ngazi 4,096 au 16,384.

Namba hizo zinakuwa na maana ukisimama kwenye jua la saa saba mchana, bibi harusi amevaa gauni jeupe na bwana harusi mwenye ngozi nyeusi amevaa suti nyeusi. Ukipima mwanga kwa gauni, sura ya bwana inazama gizani. Ukipima kwa sura, nakshi za gauni zinaungua. Kwenye JPEG umebaki na ngazi 256 za kugawana kati ya wawili hao, na kamera imeshaamua nani apate nyingi. Kwenye RAW unapima ili gauni lisiungue, kisha unaiinua sura baadaye kwenye kompyuta, na ngozi inarudi na rangi yake halisi, si ule ujivujivu unaotokea ukilazimisha JPEG.

Lakini uinuaji huo una mpaka, na mpaka wenyewe unaeleweka ukijua namna kihisi kinavyohesabu. Mwanga ukiongezeka mara mbili, namba nayo huongezeka mara mbili. Hivyo kati ya ngazi 16,384 za biti 14, nusu nzima, ngazi 8,192, zinaeleza stopu moja tu (stopu ni hatua ya mwanga kuongezeka au kupungua mara mbili), ile yenye mwanga mkali kuliko zote. Stopu inayofuata kushuka chini ina 4,096, kisha 2,048, kisha 1,024. Ukifika stopu ya sita umebakiwa na 256. Na juu ya uchache wa ngazi, kule kwenye vivuli mwanga wenyewe uliofika ulikuwa haba, na mwanga haba ndio mama wa chenga. Kwa sababu hiyo wapiga picha wazoefu hupenda kupokea mwanga mwingi kadiri inavyowezekana bila kuunguza sehemu muhimu, halafu hupunguza kwenye programu. Kupunguza hakuleti chenga. Kuinua ndiko kunakozifichua.

Ila pikseli iliyojaa imejaa. Shela lililoungua kabisa halirudi, hata ukilipa programu ya bei gani. Na hapa kuna jambo ambalo watengenezaji wa kamera hawalitangazi sana: ile histogramu unayoiona nyuma ya kamera, grafu ya mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha, imetengenezwa kutokana na JPEG, hata kama umechagua RAW peke yake. Inaweza kukuonya kwamba pameungua wakati RAW bado ina nafasi. Ukichagua mtindo wa picha usiokolea kwenye menyu, ule wa “Neutral” au “Flat”, histogramu inakaribia zaidi kusema ukweli.

WB nayo ni hadithi hiyo hiyo. Kwenye JPEG, WB imeshapikwa ndani ya rangi. Kwenye RAW ni maelezo tu yaliyoandikwa pembeni, kwamba namba za nyekundu zizidishwe kwa kiasi hiki na za buluu kwa kiasi kile. Unaweza kuibadilisha baada ya mwaka mmoja na matokeo yakawa sawasawa na kama uliiweka siku ile. Aliyewahi kupiga ukumbini, taa za dari za njano na taa za DJ za zambarau zikipigana juu ya sura za wageni, anajua thamani ya jambo hili bila kuhubiriwa.

Sasa tuje kwenye uhariri wenyewe. Programu za RAW haziligusi faili la kamera. Unapovuta kidhibiti cha mwanga, kinachoandikwa ni maagizo. Lightroom huyaweka kwenye katalogi yake, na ukitaka huyaandika pia kwenye faili dogo la XMP linalokaa kando ya RAW kwa jina lile lile. Fungua faili hilo kwa Notepad utakuta mistari kama crs:Temperature="4850" na crs:Exposure2012="+0.70". Basi. Saa nzima ya kuhangaika na picha inaingia kwenye kilobaiti chache za maandishi.

Uzuri wake ni kwamba hakuna unachokiharibu. Siku yoyote unaweza kurudi mwanzo. Ubaya wake huonekana siku unapohamisha kazi. Ukinakili mafaili ya RAW, kama NEF ya Nikon au CR3 ya Canon, kwenda diski nyingine ukayaacha ya XMP, au ukaiacha katalogi, umehamisha picha ambazo hazijahaririwa. Ukihamisha folda nje ya Lightroom, yenyewe inabaki ikizitafuta picha pale zilipokuwa na kukuwekea alama ya kuuliza. Tena maagizo ya programu moja hayaeleweki yote kwa nyingine: darktable, programu nyingine ya RAW, inaweza kuchukua baadhi ya mipangilio ya Lightroom, lakini si yote, kwa kuwa kila moja ina hesabu zake. Kwa kazi ya mteja iliyokwisha kukubaliwa, toa nakala ya JPEG au TIFF yenye ukubwa kamili uihifadhi pamoja na RAW. Hiyo ndiyo picha. RAW na XMP ni malighafi na maagizo.

Mkanganyiko mkubwa wa RAW ni kwamba hakuna RAW moja. Canon wana CR2 na CR3, Nikon NEF, Sony ARW, Fujifilm RAF, Panasonic RW2. Hata ndani ya kampuni moja mambo hubadilika: CR3 ilianza na EOS M50 mwaka 2018, na waliokuwa na programu za zamani wakajikuta wana kamera mpya ambayo mafaili yake hayafunguki. Kila kamera mpya inapotoka, waandishi wa programu hulazimika kuisoma upya, na habari nyingi za matoleo mapya ya Lightroom, darktable na nyinginezo huwa ni orodha ya kamera na lenzi zilizoongezwa. Mtu mmoja anastahili kutajwa hapa. Dave Coffin alianza mwaka 1997 kuandika dcraw, programu ndogo ya lugha ya C, kwa lengo la kufungua RAW ya kamera yoyote kwenye kompyuta yoyote. Aliitoa bure pamoja na msimbo wake, na maktaba ya msimbo ya LibRaw inayotumiwa na programu nyingi leo imetokana na kazi yake.

Kampuni zenyewe hazikuwa na moyo huo kila wakati. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba Nikon wamefunga kwa siri taarifa za WB ndani ya mafaili ya kamera yao ya D2X. Thomas Knoll, mmoja wa waasisi wa Photoshop, alilalamika hadharani, na Coffin akaifungua siri hiyo. Mwaka mmoja kabla, 2004, Adobe walikuwa wameshatoa DNG, muundo wa RAW ulio wazi ambao mtengenezaji yeyote anaweza kuutumia bila kulipa. Leica na Pentax waliukubali. Canon, Nikon na Sony wamebaki na miundo yao kwenye kamera zao kuu. Kwenye simu DNG ilishinda: Android iliipokea kuanzia toleo la 5.0 mwaka 2014, na ProRAW ya Apple, iliyokuja na iPhone 12 Pro mwaka 2020, nayo ni DNG. Ila ProRAW imeshakadiriwa rangi na kuunganishwa kutoka picha kadhaa kabla hujaipata, hivyo si ghafi kama ya kamera.

Kuhusu programu ipi utumie, Lightroom, iliyotoka mwaka 2007, bado ndiyo ya wengi, na ni nzuri. Toleo la mwisho lililouzwa mara moja lilikuwa la 6, mwaka 2015. Siku hizi unalipia kila mwezi. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic haikufungii picha zako: unaweza kuziona na kuzitoa, ila sehemu ya kuhariri, Develop, inafungwa. Kwa anayeanza bila mtaji, darktable na RawTherapee ni za bure kabisa na zina nguvu kuliko watu wanavyodhani, ingawa darktable inadai uvumilivu wa kujifunza. Canon, Nikon na Sony hutoa programu zao bure, na hizo ndizo zinazokaribia zaidi rangi za kamera yenyewe. Anayetumia simu tu, Snapseed inafungua DNG.

Jambo jipya lenye faida ya kweli ni uondoaji wa chenga kwa akili mnemba. Kampuni ya DxO walileta DeepPRIME mwaka 2020, Adobe wakaleta Denoise mwaka 2023. Zinafanya kazi vizuri juu ya RAW kwa sababu huondoa chenga na kukadiria rangi kwa pamoja, kabla chenga hazijasambaa kwa majirani. Picha ya ukumbi wa giza iliyopigwa kwa ISO 6400 inaweza kuchapishwa kubwa bila aibu. Zinataka kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki, la sivyo utasubiri.

Je, kila mtu apige RAW? Hapana. Novemba 2015, shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotokana na RAW, wapige JPEG na kuituma hiyo, kwa kasi na kwa uaminifu wa picha. Anayepiga mpira na kutakiwa kutuma picha kabla ya mapumziko hana muda wa kuketi na vidhibiti. Upande mwingine, mashindano ya picha za habari ya World Press Photo huwadai washiriki wanaofika hatua za mwisho mafaili yao ya awali ili majaji waone ni kitu gani kilibadilishwa, na hapo aliyetunza RAW ana ushahidi mkononi.

Mwenye kamera ya megapikseli 24 ahesabu pia nafasi. Biti 14 mara pikseli milioni 24 ni megabaiti 42 kwa picha moja isiyobanwa. Kwenye menyu chagua ubanaji usiopoteza kitu, kama kamera yako inao. Faili linapungua sana na huna unachokosa. Na kama mteja huomba picha chache za WhatsApp jioni ile ile, weka RAW+JPEG: JPEG ziende jioni hiyo, RAW zisubiri asubuhi.