Nyutro mlimani haiokoi mafuta

Madereva wengi wa Vitz na IST wanaotoka Iringa kwenda Morogoro wakifika mteremko mkali wa Kitonga huweka nyutro, wakiamini mafuta hayaliwi kwa kuwa gari linajishukia lenyewe. Imani hiyo ilikuwa na mantiki enzi za kabureta.

Injini zenye nozeli, zinazonyunyiza mafuta kwa amri ya kompyuta, hufanya kazi tofauti. Ukiteremka gari likiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta inaliona hilo na kufunga nozeli, hivyo mafuta hayaingii kabisa mpaka mzunguko ushuke karibu na sailensa, yaani mzunguko wa chini wa injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Ukiweka nyutro, injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo lazima inyunyiziwe mafuta isizimike. Kwenye mteremko mdogo nyutro inaweza kulifikisha gari mbali kidogo zaidi, sikatai. Kitonga si mteremko mdogo.

Tena mzigo wote wa kulizuia gari unabaki kwenye breki. Zikipata moto kupita kiasi hulegea, na mafuta ya breki yaliyozeeka, yenye unyevu, huchemka na pedali kuzama. Wanaozima injini kabisa ndio siwaelewi: usukani unakuwa mzito, na breki hupoteza msaada baada ya kukanyagwa mara chache.

Kwa gia za otomatiki, shusha hadi 2 au L mapema, kabla mwendo haujakolea. Kama unatafuta nafuu ya mafuta, anza na upepo wa matairi: ukipungua, gari linakunywa zaidi na kona linazikata kwa kuyumba. Kiwango kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi.