Reli ya Zamani ya Mombasa Haikuuzwa

Hapa Mombasa utasikia watu wakisema reli ya zamani iliuzwa kwa wageni mwaka 2006. Si kweli, na inauma kusikia mali ya umma ikitajwa kama imeshakwenda.

Kilichotolewa Novemba 2006 ni haki ya kuendesha treni za mizigo kwa miaka 25. Kampuni ya Rift Valley Railways, iliyoongozwa mwanzoni na Sheltam ya Afrika Kusini, ilikabidhiwa vichwa vya treni, mabehewa na njia, ivitumie na kuilipa serikali. Ni kama mpangaji: funguo anazo, hati ya nyumba hana. Citadel Capital ya Misri ilipochukua usukani baadaye, hisa za kampuni ndizo zilizohama. Reli ilibaki ya Shirika la Reli la Kenya, na mkataba ulipovunjwa mwaka 2017, shirika likarudi kuiendesha.

Wenyewe kweli walibadilika, ila kabla ya hapo. Serikali ya Uingereza ilianza kuijenga hapa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na kipande chake.

Wengine huichanganya na SGR, reli mpya ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Pale Changamwe, pima nafasi kati ya vyuma viwili vya njia ya zamani: mita moja kamili. Ya SGR ni milimita 1,435, kwa hiyo behewa la huku halipiti kule.