Kanvasi "iliyochorwa kwa mkono" ni ipi hasa?

Maneno "imechorwa kwa mkono" yanabandikwa siku hizi kwenye kila kanvasi ya darizi inayouzwa, na wengi wanaoyabandika hawajui wanasema nini. Yupo anayechapa picha ya twiga kwa mashine juu ya kitambaa cha matundu, akaona kwa kuwa twiga wa awali alichorwa na mtu, basi na hiyo ni kazi ya mkono. Yupo anayeshika brashi kweli, akachora machweo ya bahari juu ya kitambaa hichohicho bila kujali nyuzi zake, naye akaandika vilevile. Na yupo aliyemaliza kushona kazi nzuri kabisa, akaitia fremu, mgeni akiuliza anajibu, "Hii nimeichora mwenyewe." Wote watatu wamekosea, ila makosa yao si mamoja.

Maana kwanza, tuimalize haraka. Nidlipointi ni darizi ya kwenye kanvasi, yaani kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa kwa kuachia matundu, ambacho hujazwa chote kwa uzi wa sufu, pamba au hariri mpaka chenyewe kisionekane tena. Hapo ndipo inapoachana na darizi ya shuka au kanzu, ambako ua linakaa juu ya nguo na nguo inabaki kuonekana. Wamarekani na Waingereza, wenye mapenzi makubwa na kazi hii, huitumia kutengenezea mito ya makochi, mikanda ya suruali, mapambo ya mti wa Krismasi, hata mito ya kupigia magoti kanisani. Kanvasi iliyochorwa kwa mkono ni ile ambayo mtu ameshaipaka rangi kwa brashi, kwa kawaida akriliki, akiweka rangi ya kila mshono mahali pake, ili mshonaji afuate rangi badala ya kuhesabu miraba kwenye karatasi. Basi.

Ugomvi wangu uko kwenye yale maneno "mahali pake".

Chukua kanvasi uiinue mbele ya dirisha. Utaona nyuzi za kusimama na nyuzi za kulala, na kila zinapokutana pana nundu ndogo. Mshono wa msingi wa nidlipointi ni mfupi na wa mshazari: sindano butu inatoka tundu la chini kushoto, inavuka ile nundu, inazama tundu la juu kulia. Nundu moja, mshono mmoja, rangi moja. Hakuna nusu. Kanvasi zinazopendwa zaidi kwa kazi za kuchorwa ni za matundu 13 au 18 kwa inchi. Kwenye ile ya 13, inchi moja ya mraba inabeba mishono 169. Kwenye ya 18 inabeba 324. Mto wa inchi 14 kwa 14 kwenye kanvasi ya 18 una mishono 63,504, na mchoraji wa kanvasi ya kweli ameamua rangi ya kila mmoja kabla wewe hujatunga uzi.

Tazama jicho la ndege. Kwenye pambo dogo la Krismasi, jicho zima linaweza kuwa mishono minne: mitatu myeusi na mmoja mweupe. Ule mweupe ukihamishwa nundu moja kwenda kushoto, ndege anaonekana amekasirika. Mchoraji anayejua kazi anajua hilo, kwa hiyo anashusha nukta ya rangi juu ya nundu moja na kuhakikisha haimwagikii ya jirani. Mchoraji wa kawaida, hata awe hodari kiasi gani, anachora duara. Duara likitua juu ya nyuzi, nundu moja inapata robo nyeusi, ya pili nusu, ya tatu inaguswa pembeni tu, na anayeachiwa kuamua ni mshonaji, saa tano usiku, chini ya taa ya meza. Hiyo ndiyo kanvasi ya yule wa machweo. Imechorwa, ndiyo, na kwa mkono, ndiyo, lakini katika kazi hii haiitwi hivyo. Ni picha iliyotokea kuchorwa juu ya kanvasi.

Ya kuchapwa na mashine ina dalili yake nyingine. Usihangaike na ua la katikati. Nenda kwenye ukingo ulionyooka, ule mstari wa rangi unaozunguka mchoro. Weka ncha ya sindano kwenye uzi mmoja uliobeba rangi hiyo na uufuate mpaka kona ya pili. Kwenye kanvasi iliyochorwa vizuri utafika ukiwa juu ya uzi uleule. Kwenye nyingi za kuchapwa, ukifika katikati rangi imeshuka uzi mmoja, na mbele kidogo imeshuka wa pili, kwa sababu kitambaa kiliingia kwenye mashine kikiwa kimepinda kidogo nayo mashine haina habari na nyuzi. Mstari ulionyooka kwa macho ni ngazi kwa sindano.

Simaanishi kwamba kuchapwa ni aibu. Kaffe Fassett, Mmarekani wa San Francisco aliyehamia Uingereza miaka ya 1960, amebuni kwa miaka mingi michoro ya kampuni ya Ehrman ya huko: makabichi, matunda, maua mazito yaliyosongamana. Kanvasi zake huchapwa, na huuzwa pamoja na sufu yake ndani ya pakiti. Kabichi lina mikunjo mingi kiasi kwamba jani likisogea uzi mmoja hakuna atakayejua. Ni michoro mizuri sana, na anayeanza kushona ningemwambia aanzie huko. Ninachokataa ni kuiita isivyo.

Watu wanachanganya kwa sababu wakisikia "kanvasi" wanafikiria turubai la mchoraji wa picha, kumbe asili yake ni kwingine. Zama za zamani mchoro wa kanvasi ulikuwa mistari tu. Mary Stuart, malkia wa Scotland, alipokuwa kifungoni Uingereza baada ya 1568, alishona vipande vingi pamoja na Bess wa Hardwick, mke wa bwana aliyepewa kazi ya kumlinda, na baadhi yake vimo hadi leo kwenye mapazia ya jumba la Oxburgh Hall huko Norfolk. Wanyama wengi wa pale walitolewa kwenye vitabu vya picha vya wakati huo, hasa vya Conrad Gessner, mtaalamu wa wanyama wa Zurich. Yumo paka, na yumo tukani aliyeandikiwa kwamba ni ndege wa Amerika. Sindano ilikuwa ya malkia; ndege alikuwa wa kitabuni.

Geuko lenyewe lilitokea Berlin. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapishaji wa huko, Philipson na baada yake Wittich karibu na mwaka 1810, walianza kuuza michoro kwenye karatasi ya miraba. Kila mraba mshono mmoja, na kila mraba ulipakwa rangi kwa brashi, karatasi baada ya karatasi. Ilipofika 1831 mfanyabiashara mmoja wa Regent Street, London, aitwaye Wilks, alikuwa akiiingiza kwa wingi pamoja na sufu ya Kijerumani, na kufikia 1840 inasemekana michoro ipatayo 14,000 ilikuwa imeshatolewa. Mikono iliyopaka karatasi zile haikuwa inachora picha. Ilikuwa inajaza miraba, na kila mraba ulikuwa agizo kwa sindano. Kanvasi ya leo iliyochorwa kwa mkono ni ile karatasi ya Berlin iliyohamishiwa juu ya kitambaa, nundu ikachukua nafasi ya mraba. Ukilishika hilo, mengine yote yanakaa sawa. Utaelewa hata bei: kanvasi ya pambo dogo inaweza kuvuka dola 50, ya mto ikafika mamia, na uzi bado hujanunua. Unalipia maamuzi elfu kadhaa yaliyofanywa moja moja.

(Nikiwa hapohapo: siyo "tapestri" pia. Tapestri hufumwa kwenye kitanda cha mfumi. Picha inajengeka pamoja na kitambaa na hakuna sindano inayopita. Nchi kadhaa za Ulaya huita nidlipointi "gobelin," kwa jina la kiwanda cha Gobelins cha Paris, ambacho kimefuma tangu enzi za Louis wa 14 na kilirithi jina kwa ukoo wa watia rangi, wala hakijulikani kwa kanvasi za kushonwa. Na ile kazi maarufu ya Bayeux, Ufaransa, karibu meta 70 za picha za vita vya mwaka 1066 vya kuiteka Uingereza, inaitwa tapestri dunia nzima ilhali ni sufu iliyodariziwa juu ya kitani. Hiyo nimeshaikatia tamaa.)

Sasa mkono ni wa nani? Hapa ndipo wapenzi wapya wanapopotea wanapoanza kutafuta wasanii wa kuwafuata. Wanasoma jina lililo pembeni mwa kanvasi, kwenye ule ukingo mtupu usioshonwa, wakaamini mwenye jina ndiye aliyeshika brashi. Mara nyingi sivyo. Jina ni la mbunifu. Yeye huchora kanvasi ya kwanza, na zinazouzwa hunakiliwa na wachoraji wengine, nundu kwa nundu, kutoka kwenye ile ya mfano. Mara nyingine hata mbunifu mwenyewe hakuwahi kugusa kanvasi. Charley Harper, mchoraji wa Cincinnati aliyefariki 2007, alichora ndege kwa duara, pembetatu na mistari michache tu. Leo ndege wake wanauzwa kwenye kanvasi, na kuna mtu aliyekaa kuamua bawa lililochorwa kwa mkunjo mmoja safi litapanda ngazi zipi ili likae kwenye matundu. Mtu huyo ni msanii pia, na hana jina pembeni. Anayevaa kofia ya vito hashangai: aliyechora maua yake si lazima awe aliyeyashona, na sifa mara nyingi humwendea wa tatu, aliyeivaa.

Kwa hiyo ukitaka kumjua mbunifu vizuri, kanvasi moja haitoshi. Maduka ya nidlipointi Marekani yana desturi nzuri: kwa wiki kadhaa duka linaazima mzigo mkubwa wa mbunifu mmoja na kuutandaza wote pamoja. Hapo ndipo unaona tabia ya mkono. Yupo anayependa kupandisha rangi taratibu, samawati saba kwenye wimbi moja, na mshonaji wake lazima awe na subira na pesa ya uzi. Yupo wa rangi tano bapa na ukingo mweusi. Yupo ambaye maua yake yanapendeza kwa mbali, lakini ukisogea nundu zinabishana. Mimi huanza na herufi. Mbunifu anayeweza kuandika jina la mtoto kwenye matundu 13 kwa inchi, na herufi zikasomeka bila kuvimba, huyo namwamini na mengine.

Amebaki yule wa tatu, aliyesema "nimeichora mwenyewe." Huyu namhurumia kidogo, maana husema hivyo kwa kuogopa jibu lingine analolisikia sana: kwamba kushona juu ya rangi ya mtu ni kujaza tu, kazi ya mtoto na kalamu za rangi. Hilo nalo halina ukweli. Kanvasi inakuambia hapa ni kijani. Haikuambii kama ni sufu inayonyonya mwanga au hariri inayourudisha, wala kama majani yashonwe kwa mishazari midogo au kwa mishono mirefu ya kusimama inayoyainua. Haikuambii hata njia ya kupita. Ukijaza eneo kubwa kwa mistari ya kwenda na kurudi, kanvasi inavutwa upande mmoja na mto unakuwa msambamba; ukipita kwa mshazari, upande wa nyuma uzi unajifuma kama mkeka, na kanvasi inabaki na pembe zake. Erica Wilson, Mwingereza aliyesomea Royal School of Needlework, chuo cha darizi cha Uingereza, kisha akahamia Marekani, alitumia miaka ya 1970 kuwafundisha watu mambo haya kwenye televisheni. Rosey Grier, jitu la mpira wa Kimarekani, alitoa kitabu mwaka 1973 cha kuwafundisha wanaume wenzake, na hakuna aliyemwendea kumwambia anajaza rangi.

Hivyo mgeni akiuliza, mwambie, "Nimeishona mimi," na umtajie aliyebuni. Jina liko pembeni, uliandike nyuma ya fremu kabla fundi hajakunja ukingo ukapotea. Yule wa twiga aandike "imechapwa"; wanunuzi wapo na hawatakimbia. Na yule wa machweo, mwenye mkono mzuri kuliko wote watatu, anunue kanvasi ya 13, rangi nne na brashi nyembamba, aanze na kitu kidogo, tuseme ndimu, na ashushe rangi juu ya nundu moja moja. Machweo yatafuata.